Kangangi na njia ngumu ya waendesha baiskeli chipukizi

Kenya imetoa mabingwa wa mbio za miguu kwa miongo mingi, lakini katika mbio za baiskeli majina yake ni machache. Mojawapo ni la Suleiman Kangangi, aliyefariki dunia Agosti 27, 2022 akiwa na umri wa miaka 33, baada ya kuanguka akiwa katika mwendo wa kasi kwenye mashindano ya Vermont Overland nchini Marekani.

Maisha yake yanaonyesha jinsi kijana wa Afrika Mashariki anavyoweza kufika mbali katika mchezo huu, na kwa nini wengi hawafiki.

Kangangi alijijenga katika kikosi cha Kenyan Riders, kilichofanyia mazoezi Iten, kisha akajiunga na Bike Aid ya Ujerumani. Novemba 2017 alishika nafasi ya tatu katika Tour du Rwanda, nyuma ya Joseph Areruya wa Rwanda na Metkel Eyob wa Eritrea. Katika mbio kama hizo muda wa kila siku hujumlishwa, hivyo anayelegea siku moja tu huweza kupoteza jasho la juma zima.

Kabla yake, Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyefunzwa na David Kinjah huko Kikuyu, aliiwakilisha Kenya katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 2006. Mwaka 2008 alihamia upande wa Uingereza, na baadaye akatwaa Tour de France mara 4.

Kangangi alipokuwa nahodha wa Timu Amani, aligeukia mbio za barabara za changarawe. Ili kushiriki mbio kubwa za lami Ulaya, mtu hana budi kwanza kusajiliwa na timu. Nyingi za changarawe huwa wazi kwa yeyote anayejiandikisha. Juni 2021 mbio za Migration Gravel Race zilifanyika Maasai Mara, na waendeshaji wa eneo hili wakapambana na wageni mashuhuri wakiwa nyumbani.

Hata hivyo, juhudi nyingi za kusaka vipaji nchini zimeelekezwa nyanda za juu. Iten iko takriban mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, ilhali mji wa Garissa, kando ya Mto Tana, uko chini ya mita 200. Je, kijana wa Garissa, Wajir au Mandera hana nafasi?

Jibu linapatikana India. Esow Alben alitoka visiwa vya Andaman na Nicobar, mbali mno na mji mkuu. Hakulelewa milimani. Alipelekwa Delhi, ambako uwanja wa mbio za baiskeli ulikuwa umejengwa kwa ajili ya Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 2010. Mwaka 2018, mjini Aigle, Uswisi, alinyakua medali ya fedha ya keirin katika mashindano ya dunia ya vijana.

Katika keirin, waendeshaji hufuata kwanza chombo kinachoongeza kasi hatua kwa hatua. Kikishaondoka, hukimbizana hadi utepeni kwa baiskeli zisizo na breki na zenye gia moja. Kinachohitajika ni nguvu za ghafla za miguu, wala si mapafu yaliyozoea hewa nyepesi ya milimani.

Kwa hiyo joto la Garissa na ardhi yake tambarare si kizuizi. Kinachokosekana ni kocha, baiskeli za mashindano, uwanja, na mbio za mara kwa mara zilizo karibu. Barabara ya lami inayoelekea Nairobi ipo, lakini kufanyia mazoezi kando ya malori bila ulinzi ni kuhatarisha maisha.

Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli barabarani, ya kwanza kufanyika barani Afrika. Kangangi hakuishi kuyaona. Alichoacha ni ushahidi kwamba mwendeshaji wa Kenya akipewa timu na mbio za kutosha huweza kupanda jukwaani. Sehemu zisizo na hayo mawili, vipaji vyake vitaendelea kupita barabarani bila kutambuliwa.