Kifusi Hakitakupa Maegesho Mgeta

"Injinia, nimwage tripu ngapi za moramu?" Swali hili nimeulizwa na wenyeji wa Nyandira, Langali, Bunduki na Tchenzema, milimani Mgeta katika Uluguru, kwa simu na ana kwa ana, mpaka nimeona heri nilijibu hadharani. Anayeuliza huwa na vyumba viwili vitatu anavyopangisha kwa wageni, wengine wakimpata kupitia Airbnb, wengine kwa kuambizana. Wageni wanapanda kuona maporomoko ya Hululu au kutembea mpaka uwanda wa Lukwangule. Wanakuja na magari, na nyumba iko mteremkoni. Gari linaachwa barabarani. Alfajiri Fuso lililopakia kabichi za Kariakoo linashindwa kupita. Utingo anagonga mlango kwa hasira. Mgeni anaamshwa kwenda kusogeza gari, na akirudi kwake anaandika maoni yanayouma. Ndipo mwenyeji anapoitazama ngazi ya bustani iliyo chini kidogo ya barabara, anaona pametandazika vizuri, na hesabu inaanza: nikijaza kifusi mpaka usawa wa barabara, juu yake moramu, magari mawili yanakaa.

Jibu ni sifuri. Usimwage hata tripu moja.

Hoja inayofuata naijua, maana hunijia kwa maneno yaleyale: "Lakini ngazi hizi zimesimama tangu enzi za babu. Zitashindwaje na Noah?" Ni kweli zimesimama, na zinastahili heshima. Waingereza walijaribu kuwalazimisha Waluguru kuchimba ngazi milima yote kupitia mradi wa matumizi ya ardhi ya Uluguru (ULUS) mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakakutana na ghasia za 1955 na mradi ukafa. Mgeta ngazi zimedumu kwa sababu mboga zinalipa na mkulima anazitunza kwa mkono wake. Lakini zimedumu zikifanya kazi ya bustani. Ngazi ya mboga ni udongo unaofunguliwa kwa jembe kila msimu, unaolishwa samadi ya mbuzi, na unaonyweshwa maji ya mfereji ili uyahifadhi. Ukingo wake wa nje, pale pale unapotaka tairi la nje likanyage, ni udongo uliochimbwa ndani ukasogezwa nje. Kila sifa inayoifanya ngazi iwe nzuri kwa karoti inaifanya iwe mbaya kwa gari.

Lakini hata hilo si kosa kubwa. Kosa kubwa ni kuhofia gari na kutokihofia kifusi. Noah tupu ina tani moja na nusu hivi. Land Cruiser kubwa ina tani mbili na nusu. Chukua mteremko wa nyuzi 30, ambao kwa Mgeta haumtishi mtu: ukienda mita 10 mbele umeshuka karibu mita 6. Ili upate uwanja wenye urefu wa mita 6 kando ya barabara na kina cha mita 5 kuelekea bondeni, unahitaji kujaza kama mita 43 za ujazo, kabla hujafikiria kitu cha kukizuia kifusi kisimwagike. Udongo ulioshiba maji una karibu tani 1.9 kwa kila mita ya ujazo. Hizo ni zaidi ya tani 80. Umelala macho ukihofia tani tatu nne za magari mawili yanayoondoka Jumapili, ukaubebesha mlima tani 80 zisizoondoka kamwe.

Na kifusi hicho hakisimami wima. Udongo uliomwagwa bila ukuta hulala wenyewe kwa nyuzi 33 hadi 35. Mlima wako una nyuzi 30. Pembe hizo mbili zinakaribiana mno, kwa hiyo mguu wa kifusi utateremka karibu mita 30 kutoka ukingo wa uwanja wako kabla haujakutana na ardhi. Mita 30 chini yako kuna nani? Kuna shamba la mtu, pengine na nyumba yake. Na katika Uluguru, ambako ardhi ya ukoo hurithiwa kwa upande wa mama, anayelima pale chini huenda ni mume aliyehamia kwa mkewe, wenye ardhi ni ukoo wa mke. Ruhusa uliyopewa na mlimaji kwa kuelewana vizuri siku ya gulio inaweza isiwe ruhusa kabisa.

Wapo wanaonijibu kwa ushahidi. Wamemwaga tayari, wamepitisha Fuso la matofali Agosti nzima, na pamekaza kama sakafu. Ushahidi wa Agosti siupokei. Udongo wenye unyevu mdogo hujishika wenyewe, kwa sababu utando mwembamba wa maji kati ya chembe unazivuta pamoja. Mvua kubwa ikishibisha kifusi, mvuto huo unatoweka, maji yanaanza kuzisukuma chembe zitengane, na wakati huohuo uzito unapanda. Nguvu inapungua saa ileile mzigo unapoongezeka. Uwanja uliobeba lori kiangazi chote unaweza kuondoka usiku mmoja ukiwa hauna gari hata moja juu yake.

Mgeta imeshalionyesha hilo kwa gharama kubwa. Tarehe 23 Februari 1970 ilinyesha mvua ya zaidi ya milimita 100 kwa muda usiofika saa tatu. Watafiti Paul Temple na Anders Rapp, waliochapisha kazi yao mwaka 1972, waliandika kuwa maporomoko ya udongo yalizidi 1,000. Mengi hayakuwa ya kina kirefu. Ni ngozi ya juu ya mlima iliyochubuka. Karibu yote yalianzia mashambani na kwenye nyasi, na machache mno msituni, kwenye mizizi ya miti mikubwa. Tafadhali soma sentensi hiyo tena ukiwa umesimama kwenye ngazi yako. Ile ilikuwa ardhi ya kawaida ya kilimo, hakuna aliyeiongezea tani 80.

Sasa dawa za mitaani. Tairi chakavu zilizopangwa kama ukuta na kujazwa udongo: zisipofungwa pamoja na kuwekewa msingi uliochimbiwa, zinateleza kama mzigo mmoja. Viroba vya mchanga: jua linakula kiroba, na mchanga unabaki bila mfuko. Kupanda mabingobingo ukingoni: panda, ni kitu chema, lakini mizizi yake haifiki chini ya kifusi cha karibu mita tatu. Kumwaga zege juu ndiyo dawa inayonikasirisha kuliko zote, kwa sababu inagharimu fedha nyingi na inaficha ugonjwa. Zege halishiki kifusi kilicho chini yake. Linakusanya maji yote ya mvua na kuyamwaga ukingoni, palipo dhaifu, na nyufa zikionekana mwenyeji huziziba kwa saruji badala ya kuzisoma.

Na ukuta wa mawe? Unaweza kufanya kazi ukichorwa na mtu anayejua na ukiwa na njia za kutolea maji. Bila hizo, ukuta wa mita 2 uliojaa maji nyuma yake husukumwa na maji peke yake kwa nguvu ya tani 2 kwa kila mita moja ya urefu wa ukuta. Udongo bado sijauhesabu. Kujaza mteremko ipasavyo kunataka udongo wa juu uondolewe, mlima ukatwe vidato, kifusi kishindiliwe kwa tabaka nyembamba, mifereji ya ndani iwekwe, na ukuta ujengwe. Linganisha gharama hiyo na bei ya chumba chako kwa usiku. Hailipi.

Basi fanya haya. La kwanza na la bei nafuu: gari lisifike kwako. Tafuta uwanja uliokaa sawa kando ya njia kuu, kwa mtu binafsi, parokiani, shuleni wakati wa likizo au kwa mwenye ghala, lipia kwa usiku kwa maandishi, weka mlinzi, kisha mpandishe mgeni na begi lake kwa bodaboda uliyemlipa wewe. Andika hivyo kwenye tangazo. Usiweke alama kwamba una maegesho nyumbani wakati huna. Kwa taratibu za Airbnb mgeni akikuta kitu muhimu sicho kilichotangazwa anaweza kudai ndani ya saa 72, na atakuwa na haki.

La pili: kama ni lazima gari likae kwako, kata upande wa juu, usijaze upande wa chini, na egesha ubavu, yaani gari lilale sambamba na mlima. Kwa kuegesha ubavu unakata mita 2.5 tu, na kwenye nyuzi 30 ukuta wa udongo utakaobaki ni wa kama mita 1.5. Ukitaka gari liingie kichwa, unakata mita 5 na ukuta unakaribia mita 3, na hapo unahitaji mhandisi. Chimba mtaro wa kukinga maji juu ya mkato, uyapeleke kwenye mkondo wa asili. Udongo uliochimba usiusukume bondeni. Hapo utakuwa umekirudisha kifusi kilekile kwa mlango wa nyuma.

Ukingo wa barabara si wako: ukitaka kupanua, nenda TANROADS au TARURA, kulingana na barabara yenyewe, uombe kibali. Kando ya mto usiguse. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imeweka mita 60.

Muulize mgeni kabla hajatoka mjini anakuja na gari gani. Gari la chini liachwe Mlali au mjini Morogoro. Asipande usiku wala kwenye ukungu. Akifika, gari lielekezwe kichwa kwenye njia ya kutokea, matairi ya mbele yakunjwe kuelekea mlimani, handibreki, gia, na kabari ya mbao kwenye tairi, upande wa mteremko. Idadi ya magari iandikwe kwenye masharti: moja, si "tutabanana".

Kwa aliyekwishamwaga: pita ukingoni leo. Ukiona ufa unaofuata ukingo, au ngazi ya chini imevimba, au maji yanatoka mahali ambapo hayakuwa yakitoka, ondoa magari, anza kupunguza kifusi kuanzia juu, na umwambie ukweli jirani anayelala chini yako ili ahame mpaka kazi iishe. Usisubiri masika. Mvua ya 1970 ilinyesha Februari.