Friji za jua na safari ya mwisho ya chanjo Kamina

Treni inayopanda kutoka Lubumbashi ikifika Kamina, kusini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hukuta reli imegawanyika. Mkono wa kushoto inakwenda Mwene-Ditu, Kananga na Ilebo. Mkono wa kulia inakwenda Kabalo hadi Kalemie, kwenye Ziwa Tanganyika. Reli ilifika Bukama mwaka 1918, njia ya Ilebo ikafunguliwa 1928 na ile ya Kabalo 1956. Ndiyo iliyoifanya Kamina kuwa mlango wa mahindi yanayokwenda Kasai, samaki wa kukaushwa kutoka maziwa ya Upemba, chumvi, saruji na sabuni.

Siku hizi mlango huo hufunguka kwa taabu. Reli na vichwa vya treni vya SNCC, shirika la reli la taifa, vimechakaa, safari huchelewa kwa siku kadhaa, na Aprili 2014 treni ya mizigo iliyokuwa imebeba abiria ilianguka Katongola, kaskazini mwa mji, ikaua makumi ya watu. Mwenye mahindi anaweza kungoja, maana gunia haliharibiki kwa kukaa stesheni wiki moja. Mwenye chanjo hana nafasi hiyo.

Chanjo nyingi za watoto lazima zikae kati ya nyuzi joto 2 na 8, tangu zinapotoka kiwandani hadi zinapoingia mwilini mwa mtoto. Kutoka Kinshasa hadi Kamina ni zaidi ya kilomita 1,000 kwa mwendo wa ndege, na Kamina ni nusu tu ya safari. Jimbo la Haut-Lomami, ambalo Kamina ndiyo makao yake makuu, lina kilomita za mraba zipatazo 108,000, mara nne ya Rwanda nzima. Kutoka Kamina, dozi zinakwenda Kabongo na Kaniama kwa barabara ya udongo, zinashuka Bukama, kisha zinafuata mto Lualaba kwa mtumbwi kuelekea Kinkondja na Malemba-Nkulu, nchi ya maziwa na matete ambako mvua ikizidi, njia ya jana leo imekuwa maji.

Mnyororo huo ukikatika, watu hapa wanajua kinachofuata. Mwaka 2017 virusi vya polio vya aina ya pili, vinavyotokana na chanjo yenyewe, vilizuka Haut-Lomami. Virusi dhaifu vilivyomo kwenye matone ya chanjo havina madhara pale watoto wengi wanapochanjwa. Pale wanapochanjwa wachache, vinazunguka muda mrefu, vinabadilika na kurudi kuwa vya kupoozesha. Februari 2018 serikali ilitangaza dharura ya afya ya taifa. Uchunguzi wa kaya wa 2017 na 2018 ulionyesha kuwa nchini Kongo ni asilimia 35 tu ya watoto waliokuwa wamekamilisha chanjo zao. Kisha ikaja surua: kuanzia 2019 hadi mwanzoni mwa 2020, Shirika la Afya Duniani lilihesabu wagonjwa wa kudhaniwa wapatao 310,000 nchini na vifo zaidi ya 6,000, wengi wao watoto. Surua ina chanjo ya bei nafuu iliyotumika kwa zaidi ya nusu karne. Vifo hivyo vilikuwa, kwa sehemu kubwa, vifo vya ugavi.

Oktoba 2018 wizara ya afya ilianzisha Mpango wa Mashako wa kufufua chanjo, uliopewa jina la waziri wa zamani wa afya, Profesa Léonard Mashako Mamba, na Haut-Lomami ikawa kati ya majimbo yaliyotangulizwa. Wakati huohuo nchi ilianza kupokea maelfu ya friji mpya kupitia Gavi, muungano wa kimataifa wa chanjo, na UNICEF. Friji hizo zinastahili kuelezwa taratibu, kwa sababu ndani yake mna fikra nzuri.

Kwa miaka mingi vituo vya afya vya vijijini viliendesha friji kwa mafuta ya taa. Mafuta yakikosekana sokoni, au moto ukizimika usiku, chanjo inaharibika. Baadaye zikaja friji za sola zenye betri, na betri zikawa ugonjwa mpya: zinachoka baada ya miaka michache, mpya ni ghali, na ya zamani inapata kazi nyingine ya kuwasha taa ya mtu. Friji za kizazi cha sasa hazina betri kabisa. Paneli iliyo juu ya paa inaendesha kompresa moja kwa moja, na nguvu ya jua inahifadhiwa kwa kugandisha maji yaliyozungushiwa ndani ya kuta za friji. Usiku ukiingia, au mawingu ya Januari yakitanda, barafu hiyo ndiyo inayofanya kazi. Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani, friji ya namna hii lazima ihifadhi baridi yake siku tatu au zaidi bila jua. Kimeondolewa kile kilichokuwa kikifa mapema, na kimewekwa kitu ambacho hakuna mwizi anayekitaka.

Ndani yake hukaa kifaa kidogo kinachoandika joto mchana na usiku. Vingine vina laini ya simu na hutuma taarifa kwa fundi joto linapotoka nje ya mipaka. Hata hivyo muuguzi bado anasoma kipimajoto asubuhi na jioni, Jumapili ikiwemo, na kuandika kwa kalamu.

Siku ya kwenda vijijini, kazi inarudi mikononi mwake. Anatoa pakiti za barafu, anaziacha mezani, kisha anaishika moja karibu na sikio na kuitikisa. Asiposikia maji yakicheza ndani, anasubiri. Barafu iliyoganda mno ikigusana na chanjo ya penta, ile ya magonjwa matano, inaigandisha, na chanjo iliyoganda haimkingi mtoto hata kama chupa inaonekana nzima. Juu ya chupa kuna alama ndogo: mraba mweupe ndani ya duara la rangi. Joto likizidi, mraba unazidi kuwa mweusi, na ukifanana na duara, chupa inatupwa. Alama hiyo ilianza kutumika kwenye chanjo ya polio mwaka 1996. Haihitaji mtandao, na muuguzi aliye peke yake Kinkondja anaisoma sawa na daktari wa Kinshasa.

Mnyororo unahitaji pia habari zinazotangulia mzigo. Tanzania ilionyesha hilo mapema. Mwaka 2009, katika wilaya za Lindi Vijijini, Ulanga na Kigoma Vijijini, vituo 129 vya afya vilitakiwa kutuma kila wiki ujumbe mfupi wa simu wenye hesabu ya dawa za malaria zilizobaki. Mwanzoni asilimia 78 ya vituo vilikuwa vimeishiwa dawa ya aina moja au zaidi. Baada ya wiki 21 vilibaki asilimia 26. Sehemu ya dawa hizo zilikuwepo wilayani muda wote, ila hakuna aliyejua kituo gani kimekauka na kipi kimejaa. Kwa jimbo kama Haut-Lomami, ambako dozi za ziada Bukama zinaweza kuokoa kampeni ya jirani, fomu ya simu inayofanya kazi bila mtandao na kujituma yenyewe mtandao ukirudi ina thamani kubwa kuliko lori jipya.

Na droni? Kampuni ya Zipline inazirusha Rwanda tangu Oktoba 2016, na jimbo la Équateur hapa Kongo lilizijaribu mwaka 2019 juu ya mito na misitu inayozunguka Mbandaka. Ni kazi nzuri. Lakini droni za kwanza za Rwanda zilibeba kilo moja na nusu na kufika kilomita 75 hivi, kipimo kinachoitosha nchi ndogo yenye milima. Kuifunika Haut-Lomami kungetaka vituo vingi, mafundi wengi na fedha kila mwezi. Kwa vijiji vinavyozingirwa na maji ya Upemba msimu wa mvua, zinafaa kuwa njia ya pili mtumbwi unaposhindwa. Kuzifanya njia ya kwanza, wakati muuguzi hana mafuta ya pikipiki, ni kuanza na paa kabla ya msingi.

Fedha nazo zimekuwa kiungo dhaifu. Haut-Lomami ilikuwa kati ya majimbo tisa ya Kongo ambayo Marekani iliyasaidia kiafya kupitia USAID. Januari 2025 misaada hiyo ilisimamishwa ghafla, na Juni Washington ikatangaza kuacha kuichangia Gavi, muungano uleule uliolipia friji. Friji ya jua hutarajiwa kudumu miaka kumi hivi. Iliyofungwa 2019 itafikia umri huo 2029, na kabla ya hapo itataka feni, waya, mtu wa kufuta vumbi la kiangazi kwenye paneli, na fundi mwenye pikipiki na vipuri ghalani Kamina badala ya Kinshasa. Gharama hizo ni ndogo, na mahali pake ni bajeti ya jimbo yenyewe, kwa jina na kwa kiasi, ambako wabunge wa jimbo huko Kamina wanaweza kuuliza kila mwaka kama zimelipwa.