Ritifaa ya Chang'ombe inavyoikwaza kompyuta

MKAZI wa Dodoma anayeandika jina la Kata ya Chang'ombe hawezi kuiacha ritifaa, kwani ndiyo inayotofautisha sauti ya ng'ombe na ile ya ngoma. Hata hivyo, alama hiyo ndogo, pamoja na nafasi iliyo katika majina kama Hombolo Makulu, inaweza kuvuruga hesabu ya kompyuta inayotunza nyaraka za ofisi.

Katika mitambo ya Linux, amri iitwayo du hupima ukubwa wa kila saraka. Wasimamizi wa mitambo huiweka ndani ya skripti, yaani mfululizo wa amri unaojiendesha wenyewe, aghalabu usiku, ili diski isijae bila taarifa.

Tatizo ni kwamba kifasiri cha amri hukata maneno penye nafasi. Saraka ya Kikuyu Kusini huonekana kuwa mbili: Kikuyu na Kusini. Zisipokuwapo, hutolewa taarifa ya kosa ambayo huenda asiisome mtu. Ikiwapo nyingine iitwayo Kikuyu, hupimwa hiyo, na ripoti hutoka na takwimu za uongo.

Ritifaa nayo ina hila yake. Ikiandikwa moja kwa moja katika amri, kifasiri huidhania kuwa mwanzo wa maneno ya mtajo, kikangoja alama ya kufungia. Programu ya xargs, inayopokea orodha ya majina, hukatisha kazi kwa sababu hiyo hiyo.

Madhara yake si madogo. Diski ikijaa, hifadhidata hushindwa kupokea kumbukumbu mpya. Kosa hilo likiwa katika skripti ya kufuta, saraka isiyohusika huweza kupotea.

Tiba yake ni nyepesi. Jina la saraka lizungushiwe alama mbili za mtajo, na litanguliwe na vistari viwili ili jina linaloanza na kistari lisidhaniwe kuwa sharti la amri:

du -sh -- "$saraka"

Kwa orodha ndefu, amri ya find hutumiwa na -print0, na xargs na -0. Hapo majina hutenganishwa kwa herufi batili, ambayo haiwezi kuwamo katika jina la faili.

Kuandika Changombe si suluhisho, kwani anayetafuta jalada kwa jina sahihi hatalipata. Inayopaswa kurekebishwa ni skripti, si jina la kata.