Wenza wa Marais: Nani Kawapangia Kazi? (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliwatazama wenza wa wafalme, ambao hadhi yao imejengwa na mila za karne nyingi. Katika jamhuri mambo ni magumu zaidi: rais huchaguliwa kwa kura, ilhali mwenza wake huingia naye Ikulu bila kupigiwa kura na mtu.

Ghana ilijifunza hilo kwa taabu. Kamati ya mishahara ya viongozi wakuu ilipendekeza wake wa Rais na Makamu wake nao walipwe. Habari ziliposambaa Julai 2021, wananchi walikuja juu, kwani Ibara ya 71 ya Katiba imetaja vyeo vinavyopangiwa malipo kwa utaratibu huo, na wenza hawamo. Rebecca Akufo-Addo, mke wa Rais wa wakati huo, aliamua kurudisha posho zote alizolipwa tangu 2017, zaidi ya sedi 899,000. Namheshimu kwa hilo. Lakini fedha za umma hazipaswi kulindwa na uungwana wa mtu mmoja, na Mahakama ya Juu ilimaliza ubishi Aprili 2024 ilipotamka kwamba malipo hayo hayana msingi katika Katiba.

Wafaransa nao walichachamaa mwaka huohuo wa 2017, Emmanuel Macron alipotaka kumpa mkewe hadhi rasmi. Agosti, Ikulu ikatoa waraka: Brigitte Macron hana mshahara wala bajeti yake mwenyewe, gharama zake zimo kwenye hesabu za Ikulu, nazo hukaguliwa. Majukumu yake yakaorodheshwa, likiwemo la kujibu barua za wananchi. Waraka huo si sheria, ila angalau kila mlipa kodi anaweza kuusoma na kuhoji.

Marekani ilitunga sheria mwaka 1978 kuruhusu mwenza anayemsaidia Rais kupewa watumishi. Mshahara, hapana.

Kwetu Tanzania, Mama Anna Mkapa alianzisha EOTF na Mama Salma Kikwete akaanzisha WAMA, taasisi zilizofanya kazi ya maana kwa wanawake na wasichana. Hata hivyo, mfadhili anayechangia taasisi ya mke wa Rais aliye madarakani anakuwa amechangia nini hasa: taasisi, au ukaribu na Ikulu? Swali hilo linastahili kujibiwa na sheria, tena mapema, kabla halijamchafulia jina mtu mwema.

Wiki ijayo: waume wa marais wanawake.