Vileo na Wanetu wa Kitengela: Simu Yauliza, Mzazi Asikilize

Msafiri atokaye Mombasa kuelekea Nairobi, akifika Athi River, hukuta njia inagawanyika. Akishika mkono wa kushoto, barabara ya Namanga, haupiti muda ila amefika Kitengela, mji wa Kaunti ya Kajiado ambao si zamani sana ulikuwa malisho ya ng'ombe na mapito ya wanyama watokao Mbuga ya Nairobi. Sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu humo zaidi ya watu 150,000. Wengi walivutwa na viwanda vya jirani, na viwanja vilivyokuwa nafuu kuliko vya Nairobi, na shule za bweni. Miongoni mwao wamo jamaa zetu wa Pwani, waliohamia kwa kazi au kwa biashara, na wanetu waliopelekwa huko kusoma.

Mtoto wa mtaa wa kale huchungwa na macho mengi. Bibi yuko barazani, shangazi yuko dirishani, na maalim wa chuo akimkosa siku mbili huja kuuliza. Katika mji uliokua kwa haraka mambo si hivyo. Jirani hamjui jirani, baba hutoka alfajiri na kurudi usiku, na kijana wa miaka kumi na sita hubaki na macho mawili tu ya kumwangalia, nayo ni ya mama aliyechoka.

Tuchukue mfano wa mama wa namna hiyo, ambaye hatuna haja ya kumpa jina kwa kuwa wako wengi. Jumamosi jioni mwanawe arudi akitafuna peremende za mnanaa, apite upesi chumbani, akatae chakula. Mama amwuliza, "Mwanangu, una nini?" Naye hujibu, "Sina kitu, mama, nimechoka tu." Mama ajua, na pia hataki kujua. Akimpigia baba aliyeko safarini, ataambiwa kwamba amemdekeza mtoto. Akimweleza jirani, ahofia habari hiyo itafika Mombasa kabla ya kupambazuka. Basi anyamaza. Wahenga wetu walikwisha kutuonya kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini ni nani atakayelianza neno hilo, na kwa maneno gani?

Kwetu sisi hukumu ya kileo haina mjadala, na pengine hapo ndipo penye mtego. Yakini yetu kwamba kileo ni haramu hugeuka taratibu ikawa yakini kwamba watoto wetu hawakigusi. Na haya ni mambo mawili mbalimbali. Uchunguzi wa kitaifa wa NACADA, mamlaka ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ulionyesha mwaka 2022 kwamba Wakenya wapatao milioni 3.2 wa umri wa miaka 15 hadi 65 walikuwa wakitumia vileo, na kwamba umri mdogo kabisa ulioripotiwa wa kuonja pombe ni miaka 7. Hatuna hoja ya kudhani kwamba nyumba zetu peke yake zimejengewa ukuta.

Wala asiseme mtu kwamba ulevi wa vijana ni desturi ya watu wa bara. Katika mila za Wamaasai, wenyeji wa Kajiado, pombe ya asali ilikuwa kinywaji cha wazee na cha sherehe. Moran hakuruhusiwa kuinywa. Sheria ya nchi nayo iko wazi. Tangu mwaka 2010, sheria ya vileo ambayo wananchi waliizoea kwa jina la Mututho inakataza kumwuzia pombe aliye chini ya miaka 18, na inakataza baa kufunguliwa karibu na shule. Sera mpya ya taifa iliyozinduliwa Julai 2025 ilipendekeza umri huo upandishwe hadi miaka 21, na kwamba uuzaji wa pombe kwa intaneti na upelekaji wake majumbani upigwe marufuku. Pendekezo hili la mwisho latufunza jambo: chupa siku hizi haimngoji kijana baa, bali huitwa kwa simu na kuletwa na bodaboda hadi langoni.

Maadamu simu ndiyo inayoleta chupa, je, haiwezi kuleta swali?

Jambo la kumpima mtu kwa maswali kabla ulevi haujamshika si geni hapa. Shirika la Afya Duniani lilipotunga hojaji yake iitwayo AUDIT, yenye maswali 10, Kenya ilikuwa mojawapo ya nchi sita ambako kazi hiyo ilifanywa, pamoja na Australia, Bulgaria, Mexico, Norway na Marekani. Kila jibu lina alama. Jumla huanzia sufuri na kuishia 40, na mwenye kufikia 8 huhesabiwa kuwa unywaji wake umeanza kumletea hatari. Hojaji hiyo ilitungwa kwa ajili ya watu wazima. Kwa vijana iko nyingine, CRAFFT, iliyotungwa Boston, Marekani, katika miaka ya 1990.

Hojaji hii ya vijana haianzi kwa kushutumu. Humwuliza kijana kwanza ni siku ngapi katika mwaka uliopita alizokunywa kileo au kutumia dawa nyingine. Kisha hufuata maswali sita: ikiwa amewahi kupanda gari lililoendeshwa na mtu aliyelewa, au yeye mwenyewe kuliendesha hali amelewa, ikiwa hunywa ili kutuliza moyo au kukubalika na wenziwe, ikiwa hunywa akiwa peke yake, ikiwa amewahi kusahau aliyoyafanya, ikiwa jamaa au marafiki wamemwambia apunguze, na ikiwa amepata matatizo kwa sababu hiyo. Majibu mawili ya ndiyo yatosha kuonyesha kwamba kijana ahitaji kuzungumza na mtu. Hata asiyekunywa huulizwa lile swali la gari, nalo katika barabara ya Namanga, pamoja na bodaboda zake, si swali la kupuuzwa.

Kwa nini maswali haya yapitie simu au kishikwambi? Kwa sababu ya haya. Kijana atakayemwambia daktari aliyeketi karibu na mamaye kwamba hakunywa kamwe, huweza kukigusa kioo na kukiri. Kioo hakikunji uso, hakiiti mjomba, hakitaji jina la ukoo.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulilijaribu jambo hili kwa zaidi ya vijana 2,000 wa umri wa miaka 12 hadi 18, waliokwenda kliniki za kawaida katika majimbo ya kaskazini-mashariki ya Marekani na katika mji wa Prague, nchini Ucheki. Kijana alijibu maswali kwenye kompyuta, akaonyeshwa papo hapo alama zake, akasoma kurasa chache za maelezo ya kisayansi na visa vya kweli. Kisha daktari, akiwa ameyaona matokeo, alizungumza naye kwa dakika mbili au tatu. Marekani, vijana waliopitia njia hiyo waliripoti kunywa kwa uchache kuliko wenzao waliohudumiwa kama kawaida, na tofauti hiyo ilionekana hata baada ya mwaka. Prague, matumizi ya bangi yalipungua, lakini pombe haikutikisika.

Natutue hapo kidogo. Maswali yalikuwa yale yale na kompyuta zile zile. Prague ni mji ambao kijana kunywa bia ni jambo la kawaida mbele ya wakubwa. Mashine iliuliza vizuri, lakini huenda kijana aliporudi nyumbani hakukuta mtu aliyelichukua swali lile na kuliendeleza. Hili ndilo tungependa kila mzazi alishike: chombo hufungua mlango tu, na anayeingia lazima awe mtu.

Karibu na kwetu yako mafunzo ya namna hiyo. Katika Kaunti ya Makueni, inayopakana na Kajiado, watafiti waliwapima watu wazima 300, na matokeo yakachapishwa mwaka 2020. Waliozungumzishwa kwa simu na mtaalamu, kwa upole na bila kuhukumiwa, walikuwa na alama za chini za unywaji baada ya mwezi mmoja kuliko waliokuwa bado wakingoja zamu yao. Huko Moshi, Tanzania, hospitali ya KCMC imekuwa na mpango uitwao Punguza Pombe kwa Afya Yako, ambamo wauguzi huzungumza na majeruhi wanaonywa pombe, na jumbe za simu huwafuata baadaye kuwakumbusha. Katika yote mawili, simu ilibeba sauti ya mwanadamu.

Nchini Kenya vyombo tayari viko mitaani. Septemba 2023 serikali iliwazindua wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000, wakapewa mikoba ya vifaa na simu za kunakili habari za kila nyumba wanayoizuru. Mhudumu anayebisha hodi Kitengela kupima shinikizo la damu la bibi, aweza kufunzwa kumpa mjukuu simu ile kwa dakika tano, aketi kando, ajibu mwenyewe.

Hapo mzazi ataingiwa na hofu, nayo ni ya haki: majibu ya mwanangu yatakwenda wapi? Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 yahesabu habari za afya kuwa nyeti, na yataka idhini ya mzazi kabla ya habari za mtoto kushughulikiwa, ijapokuwa imewalegezea wanaotoa ushauri nasaha na ulinzi kwa watoto peke yake. Basi mzazi ana haki ya kuuliza ni nani atakayeyaona majibu, na yatahifadhiwa wapi. Baada ya kuridhika, ana wajibu ulio mgumu zaidi, wa kutomshurutisha mtoto amwonyeshe alichojibu. Kijana akijua kwamba kila neno lake litasomwa sebuleni, ataandika sufuri kila mahali, na sote tutarudi tulipokuwa.

Dini yetu imetufunza sitara. Kusitiri aibu ya mja ni wema mkubwa. Lakini kumsitiri mgonjwa si kumnyima tabibu. Mama wa mfano wetu aweza kumfichia mwanawe kwa majirani, na wakati huo huo kumpeleka kwa mtu wa kumsaidia. Tukumbuke pia kwamba katazo la ulevi lenyewe liliteremshwa kwa hatua, mpaka nyoyo zikawa tayari, na lilipokamilika watu wa Madina walimwaga pombe njiani. Hukumu imekwisha kuthibiti na haibadiliki. Subira katika kumrejesha aliyepotea ndiyo tunayopaswa kuiiga.

Basi mzazi, usingoje mhudumu abishe hodi. Chagua saa ambayo kijana hajalewa wala wewe hujaghadhibika. Mwulize kwanza juu ya wenziwe, kisha juu yake. Akikiri, usipige kelele, kwa kuwa kelele za leo ndizo kimya cha kesho. Mshirikishe maalim au ami ambaye kijana mwenyewe amwamini. Na ikiwa neno limekuwa zito, nambari 1192 ya NACADA hupigwa bure, mchana na usiku, na anayeipokea ni mshauri.

Umri wa kuanza una uzito wake. Utafiti wa Marekani ulionyesha kwamba anayeanza kunywa kabla ya miaka 15 huwa katika hatari yapata mara nne zaidi ya kuwa mtumwa wa pombe kuliko anayeanza akiwa na miaka 20 au zaidi. Kwa hiyo kijana wa Jumamosi ile, mwenye peremende za mnanaa mdomoni, bado yu karibu na mlango. Atakapoambiwa tena, "Mwanangu, una nini?", lau anayeuliza atakuwa tayari kulipokea jibu lolote, huenda safari hii asijibu kwamba amechoka tu.