Mkuku Juu ya Barafu

Alasiri ya mwezi wa Machi, jua likiwa bado linachoma mapaa ya Mji wa Kale wa Mombasa, watoto hubisha hodi kwenye nyumba zinazouza barafu. Hutoka na vipande vyao mkononi: barafu za ukwaju, za mabuyu, za embe. Kuna jambo ambalo mtoto wa mitaa ya Kibokoni au Kuze hulijua kabla hajafundishwa sayansi darasani. Barafu iliyotoka friza sasa hivi hunata. Inaushika ulimi, inavishika vidole. Ngoja kidogo, na kipande kilekile kitakuponyoka mkononi kama samaki.

Ndani ya muda huo mfupi mna fumbo ambalo wanasayansi wamelifanyia kazi kwa zaidi ya miaka 170. Na fumbo hilo ndilo mlango wa kumjua kijana ambaye wengi wetu hatukutarajia kumkuta Kenya: mchezaji chipukizi wa hoki ya barafu.

Hoki ya barafu na Mkenya, wapi na wapi? Jibu liko kwenye Barabara ya Mombasa, lakini upande wa Nairobi. Hapo, katika hoteli ya Panari, ulifunguliwa uwanja wa barafu mwaka 2005, na kutoka kwenye uwanja huo ikazaliwa timu ya Ice Lions. Mwaka 2018 timu hiyo ilisafiri hadi Kanada, kwa kuwa nyumbani haikuwa na timu nyingine ya kushindana nayo. Huko walivaa jezi moja na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, wachezaji ambao watoto wa Kanada hubandika picha zao ukutani. Mwaka 2024 Kenya ikapokewa kuwa mwanachama mshiriki wa Shirikisho la Kimataifa la Hoki ya Barafu. Kando ya wakubwa wa Ice Lions wapo watoto wanaofundishwa mchezo huo, na wengi katika timu, wakubwa kwa wadogo, walianzia kwenye viatu vya magurudumu, juu ya lami na saruji.

Tumfikirie basi mwenzao wa Mombasa. Ana miaka kumi na miwili, uzito wa kilo 40, amezoea kukimbia kwenye vichochoro na kuruka majini. Tumvishe viatu vya barafu kwa mara ya kwanza. Amesimama juu ya nini?

Kwa nini barafu inateleza

Jibu lililokaa vitabuni kwa muda mrefu ni shinikizo. Barafu ikigandamizwa huyeyuka kwenye baridi kali zaidi ya kawaida. Kwa hiyo, ilisemwa, uzito wa mtu juu ya chuma chembamba huyeyusha barafu chini yake, naye huteleza juu ya maji. Jibu linavutia, lakini tulipige hesabu. Chuma cha kiatu kina unene wa milimita 3 hivi. Tuchukue kwamba sentimita 10 za urefu wake ndizo zinazogusa barafu. Kilo 40 za mtoto wetu zinakaa juu ya sentimita 3 za mraba, yaani kama kilo 13 kwa kila sentimita ya mraba. Shinikizo hilo hushusha kiwango cha kuyeyuka kwa takriban sehemu moja ya kumi ya digrii. Barafu ya hoki huwa kwenye nyuzi 5 chini ya sifuri, au baridi zaidi. Sehemu moja ya kumi haifui dafu. Tena mtu aliyevaa champali, ambaye uzito wake umesambaa kwenye soli pana, naye huanguka kwenye barafu vilevile.

Mwaka 1850 mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday alilitazama suala hili kwa jicho jingine. Aliona kwamba vipande viwili vya barafu vikigusanishwa huungana, akasema kwamba uso wa barafu una utando wa majimaji hata pale barafu yenyewe ilipo chini ya sifuri. Leo twaweza kulieleza wazo lake kwa lugha ya molekuli. Ndani ya barafu kila molekuli ya maji imeshikana na jirani zake wanne. Zile za juu kabisa hazina jirani upande wa hewani, kwa hiyo zinashikwa na wawili au watatu tu, na hubingirika kwa wepesi. Mwaka 1939 watafiti wawili, Bowden na Hughes, walionyesha kwamba msuguano wenyewe pia huzalisha joto linaloongeza utelezi. Na utafiti wa Uholanzi na Ujerumani uliochapishwa mwaka 2018, uliopima chuma kikiteleza juu ya barafu ya viwango mbalimbali vya baridi, ulikuta kwamba utelezi hufikia kilele karibu na nyuzi 7 chini ya sifuri. Baridi ikizidi hapo, molekuli za juu hupoteza wepesi wao. Joto likizidi, barafu hulainika na chuma huanza kuizamia.

Turudi kwa barafu ya ukwaju. Friza ya nyumbani hukaa karibu nyuzi 18 chini ya sifuri. Kipande kinapotoka huko, unyevu wa ulimi hugandishwa papo hapo na kuwa gundi. Kikipata joto kidogo, uso wake hulainika, na mkono hauwezi tena kukishika. Mtoto anayekinyonya barazani anapita kwenye njia ileile ambayo mafundi wa viwanja vya hoki huichunga kwa kipimajoto usiku na mchana.

Siri iko kwenye mkuku

Lakini utelezi peke yake haumfikishi mtu popote. Aliyesimama juu ya kitu kisicho na msuguano hawezi kupiga hata hatua moja, maana kutembea ni kuisukuma ardhi nyuma. Mchezaji wa hoki anapataje mwendo?

Mombasa ina jibu tangu zamani, nalo liko Bandari ya Kale. Tazama jahazi lililopandishwa pwani na maji yakapwa. Chini ya tumbo lake umepita mkuku, ubao mrefu kutoka omo hadi tezi. Upepo ukilipiga tanga kutoka ubavuni, chombo kingesukumwa kando kama kifuu cha nazi. Mkuku na tumbo lile refu hukataa. Maji huviachia vipite mbele kwa urahisi, lakini huvizuia visiende upande. Nguvu iliyokuja kwa ubavu hugeuka kuwa mwendo wa mbele.

Chuma cha kiatu cha hoki ni mkuku mdogo. Mbele na nyuma hakina pingamizi, upande kinauma. Chini yake kimechongwa mfereji mwembamba unaoacha kingo mbili kali, ya ndani na ya nje, ili kiume vizuri zaidi. Ndiyo maana mchezaji hasukumi nyuma kama mkimbiaji. Hugeuza wayo, hubana ukingo wa ndani, husukuma kwa ubavu, na mwili wake husonga mbele, mguu wa kulia kisha wa kushoto. Akitaka kusimama hugeuza vyuma vyote viwili viikabili njia na kuikwangua barafu mpaka iruke kama chenga za chumvi. Hapo ndipo waliotoka kwenye magurudumu hutatizika: gurudumu nalo hukataa kwenda upande, kwa hiyo hatua wamekwisha kuzijua, lakini gurudumu haliwezi kuparuza kama chuma. Kusimama inawabidi wajifunze upya.

Mwili unaojengwa

Sasa tumwangalie mtoto mwenyewe, maana yeye ndiye mashine iliyo ngumu kuliko zote. Ili asianguke, ubongo wake unapokea habari kutoka pande tatu kwa wakati mmoja: macho, mirija mitatu iliyopinda ndani ya sikio, ambayo majimaji yake husogea kichwa kinapogeuka, na vihisio vilivyomo kwenye misuli na viungo, ambavyo huuarifu ubongo goti limepinda kiasi gani bila kulitazama. Ubongo mdogo ulioko kisogoni huzilinganisha habari hizo na kusahihisha mwendo kabla mtoto hajafikiri.

Ulinganishi huo huendelea kukomaa mpaka miaka ya ujana. Mwanzoni mtoto huangalia miguu yake. Baada ya mazoezi mengi huinua uso, na hiyo ndiyo alama ambayo kila kocha huisubiri, kwa kuwa mchezo wenyewe uko mbele: kisahani cha mpira mgumu chenye gramu 156 hadi 170, kinachogandishwa kabla ya mechi ili kisidundedunde, na wenzake wanaokikimbilia kwa magongo. Samaki mkunje angali mbichi, walisema wazee, na hapa msemo huu ni wa kweli kwa maana ya kimwili kabisa.

Ubichi huo una hatari yake. Karibu na ncha za mifupa mirefu ya mtoto kuna gegedu laini, na hapo ndipo mfupa hurefukia. Gegedu hilo ni dhaifu kuliko mfupa uliokomaa. Ubongo pia, ukitikiswa, unahitaji muda wa kupona. Kwa sababu hizo Marekani mwaka 2011, na Kanada mwaka 2013, ziliondoa kugongana kwa makusudi katika mechi za watoto walio chini ya miaka 13. Nchi zilizoulea mchezo huu ziliamua kwamba mtoto afunzwe kwanza miguu, mikono na macho. Kenya, inayoanza sasa, inaweza kuanza na hekima hiyo mkononi bila kuilipia kwa majeraha.

Unyevu wa bahari

Je, barafu ya hoki inaweza kukaa Mombasa? Uwanja wa barafu ni jokofu lililolazwa chali. Chini ya sakafu hupita mabomba ya maji ya chumvi au glaikoli, vimiminika visivyoganda upesi, vikibeba joto kutoka sakafuni hadi kwenye mtambo unaolitupa nje. Juu yake maji humwagwa tabaka baada ya tabaka mpaka barafu ifikie unene wa sentimita 3 hivi.

Adui mkubwa wa Pwani ni unyevu kuliko joto. Hewa ya Mombasa yenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75 hubeba kama gramu 23 za mvuke katika kila mita ya ujazo. Hewa iliyo juu ya barafu ya nyuzi 5 chini ya sifuri haiwezi kushika zaidi ya gramu 3 hivi. Zinazobaki hugeuka ukungu, au hutua barafuni, na kila gramu ya mvuke inayotua huachia joto la kutosha kuyeyusha zaidi ya gramu 7 za barafu. Nairobi, iliyo karibu mita 1,700 juu ya bahari, ina hewa baridi na kavu zaidi, hivyo mzigo huo ni mwepesi kwake. Mombasa ingehitaji jengo lililofungwa vizuri na mitambo ya kukausha hewa, pamoja na umeme wa kuiendesha bila kukatika.

Ni gharama kubwa, ila inawezekana. Dubai ina uwanja kamili wa barafu ndani ya duka lake kubwa. Tampa, mji wa bandari wenye jasho huko Florida, umetwaa Kombe la Stanley, taji kuu la hoki ya Amerika Kaskazini, mara tatu: 2004, 2020 na 2021. Hata gari la kulainisha barafu halikubuniwa kwenye theluji. Lilibuniwa na Frank Zamboni mwaka 1949, katika California yenye jua, na kabla ya hapo mtu huyo alikuwa akitengeneza barafu za matofali, kama zile zinazopondwa leo na kumwagiwa samaki sokoni.

Na tusidhani barafu ni ya wageni tu: baridi ina historia ndefu kwetu. Mwezi Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann, aliyetoka Rabai hapo bara ya Mombasa, aliuona weupe juu ya Kilimanjaro. Alipomuuliza kiongozi wake wa safari ni kitu gani, akajibiwa: baridi. Wataalamu wa London walikataa kwa miaka kuamini kwamba kuna theluji karibu na ikweta. Yule kiongozi hakuhitaji idhini yao. Alikiita kitu kwa jinsi ngozi inavyokijua. Maneno mengine tuliyo nayo yalivuka bahari: theluji kwa Waarabu, barafu kutoka upande wa Uajemi na India. Yalipofika yalipata kazi, na leo ni yetu.

Uwanja wa barafu unaweza kungoja fedha na umeme. Mtoto wa miaka kumi na miwili hangoji. Sikio lake la ndani, magoti yake na ubongo wake vinajipanga sasa hivi. Jozi ya viatu vya magurudumu, kofia ngumu, gongo, na kipande cha saruji iliyosawazishwa vinatosha kumfundisha kusukuma kwa ubavu na kwenda mbele akiwa ameinua uso. Wengi wa Ice Lions walianza hivyo. Siku atakapopanda basi kwenda Nairobi na kukanyaga barafu, kitakachobaki ni kujifunza kusimama.