Je, Wajua? Baiskeli ya Changarawe ni Mzee Aliyevaa Nguo Mpya

Mwaka 1903 Maurice Garin alishinda Tour de France ya kwanza. Hatua ya kwanza peke yake, kutoka Paris hadi Lyon, ilikuwa kilomita 467. Aliimaliza kwa muda unaokaribia saa 18, juu ya barabara za kokoto zilizoshindiliwa, vumbi wakati wa jua na tope wakati wa mvua. Leo mtu akipita kwenye njia ya namna ile kwa baiskeli ya bei mbaya, huambiwa kwamba amejiunga na mchezo mpya.

Wamarekani wana haki yao katika habari hii. Mbio zilizoanza mwaka 2006 mjini Emporia, Kansas, ambazo sasa zinaitwa Unbound Gravel, zilichangia sana kuupa mchezo huu jina na soko. Lakini ifungue mashine yenyewe, baiskeli ya changarawe, kipande kimoja kimoja, utakuta mkono wa Mfaransa karibu kila mahali.

Ukiiona kwa mbali utadhani ni baiskeli ya kawaida ya mashindano, na usukani wake uliojikunja chini kama pembe za kondoo dume. Sogea karibu. Matairi ni mapana, milimita 38 hadi 50, wakati yale ya lami siku hizi huwa 28 au 30. Kati ya tairi na uma wa mbele pameachwa nafasi ya kupitisha kidole, ili tope lisijae na kulifunga gurudumu. Breki ni za diski, kwa sababu breki za kubana rimu ni vigumu kukumbatia tairi la unene huo, na rimu ikipakwa tope hazishiki sawasawa. Magurudumu mawili yameachana zaidi kidogo, basi baiskeli haiyumbi ovyo kwenye mteremko wa mawe.

Roho ya mashine hii, hata hivyo, ni upepo. Tuseme gurudumu la nyuma limebeba kilo 50. Ukijaza bar 7, kama walivyozoea waendeshaji wa lami, kila sentimita ya mraba ya tairi inabeba takriban kilo 7, kwa hiyo tairi linagusa ardhi kwa sentimita za mraba 7 tu. Punguza upepo hadi bar 2.5 na eneo hilo linafika sentimita za mraba 20. Kwenye kokoto zinazoteleza, hiyo ndiyo tofauti kati ya kukata kona na kulala mtaroni.

Wengi huamini kwamba tairi gumu ndilo lenye mbio. Kwenye lami iliyonyooka kuna ukweli fulani. Kwenye mawe mambo hugeuka. Tairi gumu likikutana na jiwe hulipanda, na kila likipanda humnyanyua mtu na baiskeli yake, kilo 80 na zaidi. Nguvu iliyokwenda juu hairudi yote mbele. Sehemu yake huishia mikononi, mgongoni na makalioni, ikageuka joto na maumivu. Tairi laini hulimeza jiwe: kinachosogea ni gramu chache za mpira, na safari inaendelea.

Kasoro ya upepo mdogo ni tyubu. Gurudumu likigonga ukingo wa jiwe, tyubu hubanwa kwenye rimu na kutoboka mahali pawili sambamba, pancha ambayo fundi yeyote wa mtaani huitambua hata kabla ya kuitia kwenye karai la maji. Mwaka 1999 kampuni za Mavic, Hutchinson na Michelin, zote za Ufaransa, zilileta mfumo wa tairi lisilo na tyubu kwa baiskeli za milimani. Siku hizi ndani ya tairi humiminwa majimaji mazito ya utomvu wa mpira. Mwiba ukipenya, upepo huyasukuma majimaji hayo kwenye tundu, nayo huganda papo hapo. Mara nyingi mwenye baiskeli hajui kwamba alipata pancha mpaka aioshe jioni na kukuta doa jeupe.

Mji wa Clermont-Ferrand, nyumbani kwa Michelin, ulikuwa umeshaingia kwenye biashara ya pancha zamani. John Boyd Dunlop alitengeneza tairi lake la upepo Belfast mwaka 1888, ila lilikuwa limegandishwa kwenye rimu kwa gundi. Pancha moja ilimaanisha saa kadhaa za kubandua, kisha usiku mzima wa kusubiri gundi ikauke. Ndugu wawili wenye kiwanda cha mpira, André na Édouard Michelin, walipoletewa tairi kama hilo walitengeneze, waliiona fedha iliyolala pale. Mwaka 1891 wakatoa tairi linalovuliwa. Mwaka huohuo Charles Terront alilitumia kushinda mbio za Paris hadi Brest na kurudi, karibu kilomita 1,200, kwa chini ya saa 72. Tangazo gani lingeshinda hilo?

Gia nazo zilipigwa vita kabla ya kukubaliwa. Paul de Vivie wa Saint-Étienne, aliyeandika kwa jina la Vélocio katika jarida lake la Le Cycliste, alihubiri miaka nenda miaka rudi kwamba anayepanda mlima anahitaji gia zaidi ya moja. Henri Desgrange, bosi wa Tour de France, hakutaka kusikia. Gia za kuhamisha cheni ziliruhusiwa kwenye Tour mwaka 1937, miaka 7 baada ya Vélocio kufariki.

Ukali wa Desgrange unaonekana vizuri zaidi katika kisa cha Eugène Christophe. Mwaka 1913 uma wa baiskeli yake ulivunjika akiteremka mlima Tourmalet. Kanuni zilimtaka kila mwendeshaji ajitengenezee mwenyewe, bila msaada wa mtu. Christophe akaibeba baiskeli begani zaidi ya kilomita 10 hadi kijiji cha Sainte-Marie-de-Campan, akaingia kwenye karakana ya mhunzi, akaufua uma kwa mikono yake huku wasimamizi wamemkodolea macho. Kisha wakamwadhibu kwa kuongezewa dakika, kwa sababu kijana mmoja alimvutia mvukuto. Mtu anaweza kuupenda mchezo huu na bado akaona kwamba waliouongoza walikuwa na roho ngumu.

Baiskeli ya changarawe ya leo ingewakasirisha wasimamizi wale. Mbele ina sahani moja ya meno 40, nyuma gia kubwa kabisa ina meno 44 au zaidi. Kwa gia hiyo mzunguko mmoja wa pedali husogeza baiskeli takriban mita 2, basi hata kilima cha kukatisha tamaa hupandwa kwa mwendo unaozidi kidogo ule wa kutembea.

Kipande cha mwisho cha ukoo huu kinatoka mwaka 1936, serikali ya Ufaransa ilipowapa wafanyakazi likizo ya wiki mbili yenye malipo. Watu wa viwandani wakatoka mijini kwa baiskeli, na mafundi kama Alex Singer na René Herse, karibu na Paris, wakawaundia wasafiri baiskeli nyepesi zenye taa, mudguadi na matairi manene ya kipimo cha 650B, ambacho rimu yake ina kipenyo cha milimita 584. Kipimo hicho nusura kife. Leo kimerudi madukani kwenye baiskeli za changarawe, kikiuzwa kama uvumbuzi.

Mashine bila njia ni pambo la ukutani. Ufaransa ina njia kwa sababu ilizijenga mapema na kwa wingi. Mwaka 1775 mhandisi Pierre Trésaguet wa Limoges alieleza jinsi ya kujenga barabara kwa tabaka: mawe makubwa chini, madogo juu yake, magumu yaliyovunjwavunjwa juu kabisa, na mgongo ulioinuka katikati ili maji yatiririke pembeni. Sheria ya mwaka 1836 ikazibebesha serikali za vijiji mzigo wa barabara zao, na wanavijiji waliweza kutakiwa kuzifanyia kazi hadi siku 3 kwa mwaka. Nyingi za barabara hizo baadaye zilipata lami. Zilizobaki, zile za kwenda shambani, msituni na kwenye mizabibu, zimeendelea kuwa mali ya kijiji, na mtu yeyote ana ruhusa ya kupita.

Eneo la Auxois, huko Bourgogne, ni mahali pazuri pa kuliona hilo. Mji wake wa Semur-en-Auxois umewapa wanajiolojia wa dunia nzima jina la kipindi kimoja cha Jurasi, cha karibu miaka milioni 195 iliyopita, wakati nchi hii ilikuwa sakafu ya bahari. Chokaa ya bahari hizo za kale ndiyo inayoonekana njiani, nyeupe hadi inaumiza macho saa sita mchana. Kokoto za chokaa zikisagika, unga wake hujaza nafasi zilizo kati ya mawe, na kwa unyevunyevu kidogo pamoja na uzito wa trekta hushikamana, njia ikawa ngumu karibu kama saruji. Lakini shuka bondeni baada ya mvua. Huko kuna udongo wa mfinyanzi, na ile nafasi ya kidole kati ya tairi na uma huonekana haikuwa mzaha.

Vilima vya hapa si virefu, ila havina huruma: unapanda, unashuka, ng'ombe weupe wa Charolais wanakutazama, unapanda tena. Juu ya kimoja kimekaa kijiji cha Flavigny-sur-Ozerain, chenye kuta na malango ya mawe. Ndani ya abasia yake ya zamani hutengenezwa peremende za anisi: mbegu moja ndogo hupakwa maji ya sukari tabaka juu ya tabaka, kazi ya siku 15 hivi. Ng'ambo ya bonde ni Alise-Sainte-Reine, mahali ambapo Julius Caesar alimzingira Vercingetorix mwaka 52 kabla ya Kristo. Napoleon III alimsimamishia kiongozi huyo wa Wagauli sanamu mwaka 1865. Upande wa kaskazini kuna abasia ya Fontenay, iliyoanzishwa mwaka 1118, na watawa wake walikuwa na karakana ya kufua chuma kwa nguvu ya maji. Anayetaka kupumzisha miguu hufuata njia ya kando ya Mfereji wa Bourgogne, kilomita 242 zenye malango ya maji 189.

Vijiji vimekaribiana, na hilo ni neema kwa msafiri, ingawa duka la mikate hufungwa mchana na mara nyingi Jumatatu nzima. Maji je? Waendeshaji wazoefu hawaendi dukani, huenda makaburini. Karibu kila kijiji kina makaburi yake yenye ukuta, na karibu na lango pana bomba la kunyweshea maua. Unafungua geti taratibu, unavua kofia, unasoma kibao. Kikisema si maji ya kunywa, unaondoka. La sivyo unajaza chupa, unafunga geti, unawashukuru wenyeji wa mle ndani. Mvua ikikukuta, kuna lile banda la zamani la kufulia nguo, lenye paa na kingo za mawe zilizolainishwa na mikono ya vizazi vya wanawake.

Jambo moja msomaji wa Afrika Mashariki analijua bila kufika huko: vile vimatuta vya mfululizo kwenye barabara ya vumbi, vinavyotikisa basi hadi meno yagongane. Mwaka 2007 Nicolas Taberlet, Stephen Morris na Jim McElwaine walichapisha jaribio la gurudumu linalozungushwa juu ya mchanga. Vimatuta vilijitokeza kila mwendo ulipovuka kiwango fulani, hata gurudumu lisipokuwa na springi. Greda likipita, vitarudi. Dawa pekee ni kwenda polepole, na nani atamwambia hivyo dereva wa basi?

Mashindano makubwa nayo yamerudi vumbini. Tro-Bro Léon ya Bretagne hupita njia za mashamba tangu 1984, na Mbretoni anayetangulia wenzake huzawadiwa kitoto cha nguruwe. Paris–Tours imeingia kwenye mizabibu tangu 2018. Mwaka 2024 Tour de France yenyewe ilipitisha hatua ya 9, kuzunguka Troyes, kwenye vipande 14 vya changarawe, jumla ya kilomita 32. Anthony Turgis akashinda. Siku moja kabla, hatua iliyoanzia palepale Semur-en-Auxois ilichukuliwa na Biniam Girmay wa Eritrea.

Na huku kwetu? Tangu 2021 kuna mbio za Migration Gravel Race katika nyika za Maasai Mara, zilizoanzishwa na watu wa timu ya Amani, yenye waendeshaji wa Kenya, Uganda na Rwanda. Nahodha wake, Suleiman Kangangi wa Kenya, alifariki Agosti 2022 akiwa kwenye mbio za changarawe huko Vermont, Marekani.

Kama umevutiwa, usikimbilie duka. Geuza baiskeli uliyonayo juu chini na upime nafasi kati ya tairi na uma. Ikiwa tairi la milimita 35 linaingia na kubakiza nafasi ya kidole, unayo tayari baiskeli ya changarawe: nunua matairi mawili mapana, punguza upepo kidogo kidogo huku ukiyajaribu, na fedha iliyobaki iweke kwa ajili ya breki.